Doti Iliyopelea Shibiri

Mama mkwe wangu alikuwa njiani kutoka Lamu, na zawadi yake iko mezani: doti ya leso kutoka Biashara Street, Mombasa, ingali na dondo, jina lake "Mgeni njoo mwenyeji apone". Mke wangu aliniachia agizo moja tu: "Ipeleke kwa fundi aikate, aipinde."

Mafundi wako pale pale nje ya maduka na cherehani zao. Lakini kukata kitambaa nako kwataka ufundi? Nikachukua mkasi wa jikoni, nikaikunja doti kwa kukisia, jicho moja kwenye mpira, nikapitisha.

Leso hukatwa kwa kufuata pindo. Kila kipande kina mapindo manne na mji katikati, urefu wake kama mita moja na nusu. Kimoja changu kilitoka na mapindo matano. Cha pili kilibaki na matatu, na kimepelea shibiri nzima. Husimuliwa kwamba wanawake wa Pwani walishona leso sita za Wareno kupata nguo moja. Mimi nilikuwa nairudisha nguo kwenye leso ya mfukoni.

Mkwe akafika, akapokea, akashukuru. Kile kirefu akajifunga kiunoni. Cha pili akajitanda ushungi: akivuta mbele kifua kisitirike, kisogo kiko nje, akirudisha nyuma, kifua wazi. Nyuzi za ukingo zikaanza kudondoka kwenye kikombe cha chai. Mke wangu hakusema neno. Aliutazama mkasi, akanitazama mimi.

"Hii si ya kutokea," mkwe akaamua. "Hii ni ya kazi."

Kesho yake mifereji ikakauka, kama ada yetu. Mama yule akaisokota leso kama kamba, akaizungusha kama donge la chapati kabla ya kusukumwa, ikawa ngata. Nikadhani ni yake. Akaniwekea mimi utosini.

"Mwanangu, ndoo ile pale."

Nilikwenda kisimani mara nne, na nusu ya maji niliyavaa.

Mchana kichwa kikamgonga. Akaifunga kipajini, fundo kisogoni, akalala. Usiku mtoto wetu akakohoa. Akachuliwa mafuta kifuani, leso ikazungushwa shingoni mwake. Alfajiri nikaikuta jikoni, imeshika sufuria ya uji. Ile nzuri, ya mapindo matano, ilikuwa ingali imetundikwa, haijaitwa na mtu.

Siku ya kuondoka alimwachia binti yake kipande kirefu. Kilichopelea alijitupia begani, akapanda nacho basi.

Mwenyeji nimepona, isipokuwa shingo. Nawe ukinunua doti, mpe fundi haki yake. Mkasi wa jikoni ukate bamia.