Mwaga Nusu

Sina ugomvi na mkate mchachu. Ugomvi wangu ni na chupa aliyoiacha mpwa wangu wa Nairobi, aliyekuja Garsen kusalimia, akaondoka na samaki wa kukaanga na kutuachia yatima wa kulea.

Ndani ya chupa kuna chachu ya mkate huo: unga wa ngano na maji, vimekaa pamoja mpaka vikaota uhai. Mtindo huu ulishika kasi mwaka 2020, wakati wa Korona, watu wa mijini walipofungiwa ndani wakaanza kufuga chachu kwa kukosa mbuzi. Chupa ilikuja na karatasi ya maagizo iliyojaa mbele na nyuma. Hata hirizi haina maandishi mengi hivyo.

Agizo la kwanza: iwekwe penye nyuzi 24. Garsen hii! Saa nne asubuhi bati limeshaanza kulia, na usiku ukuta unarudisha joto ulilokopa mchana. Mahali pa baridi nyumbani kwangu ni mtungini, na humo tunakunywa maji. Sasa hamira za asili na bakteria wenzao joto likizidi huongeza mwendo. Karatasi inasema lisha mara moja kwa siku. Wetu akilishwa alfajiri, kabla ya adhuhuri ameshaumuka, ameshuka, ametoa maji ya kijivu juu na harufu ya siki imefika sebuleni. Ikabidi alishwe asubuhi na jioni. Mimi mwenye nyumba, tarehe za mwisho wa mwezi, silishwi hivyo.

Agizo la pili ndilo lililoleta kesi: kabla ya kulisha, mwaga nusu. Mama watoto alilisoma mara ya pili, akaniangalia kana kwamba nimeliandika mimi. Unga hapa huja kwa lori. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara, pakiti moja ilikuwa inasalimiwa kwa heshima. Leo mtu anakwambia mwaga!

Nikachukua kalamu nimtetee mpwa. Ukianza na gramu 50, ukaongeza unga 50 na maji 50, unapata 150. Usipomwaga, ukalisha kwa kipimo kile kile, kesho ni 450, keshokutwa 1,350, na siku ya tano una zaidi ya kilo 12 za rojo chachu. Kwa hiyo hesabu ni ya kweli. Lakini unga nao ni wa kweli.

Hukumu aliitoa jirani yetu Mworma, muuza anjera. Aliichungulia chupa, akanusa, akauliza mgonjwa ni nani. Yeye kila usiku hubakiza rojo kidogo la jana ndooni, akakoroga unga wa ngano na mtama na maji, akafunika, akalala. Kukiwa na joto kali hubakiza pungufu ya kawaida na kukoroga kwa kuchelewa. Basi. Hapimi gramu, hana karatasi, wala hamwagi kitu, maana kinachozidi kinauzwa. Alfajiri povu limesimama; anamimina kikaangoni kwa kuzungusha kutoka katikati, anafunika, hageuzi, na juu vinatokea vile vitundu vinavyokunywa samli na chai. Mpwa wangu, kwa upande wake, anataka oveni ya nyuzi 230. Mimi nina jiko la makaa, na jua.

Juzi mama watoto akaikabidhi chupa kwa jirani, ikaingia ndooni pamoja na mtama. Asubuhi yake tulikula mpaka watoto wakachelewa shule.

Jioni mpwa akapiga simu. Hakuuliza mgongo wangu, wala hali ya mto.

“Shikamoo mjomba. Amekula?”

“Marahaba. Tumefuata maagizo, tumemwaga nusu.”

“Mmemwaga wapi?”

“Kikaangoni.”

“Na nusu ya pili?”

“Hiyo tuliimwaga wageni walipoongezeka.”