Namna ya Kuwa Mfasiri na Ukoo Ukubali

Anza nyumbani. Ukitangaza kwamba unakwenda chuo kikuu kusomea tafsiri, hakosekani mjomba wa kuuliza, "Kwani Kiingereza hukijui?" Usibishane naye. Mmiminie chai, kisha mpe mkataba wa bima ulioandikwa kwa Kiingereza, aufasiri kwa sauti mbele ya mashangazi. Kabla hajamaliza kifungu cha pili atakuwa amekupa baraka zote.

Chuo chagua kwa unachokitaka. Ukipenda maandishi, Dar es Salaam ina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Ukipenda kuvaa vipokea sauti na kusema huku mwingine anasema, Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya ukalimani na tafsiri. Huko utafundishwa kufanya kazi wawili wawili na kupokezana kila baada ya nusu saa hivi, maana ubongo huchoka kabla ya koo.

Sasa tega sikio: soma Kiswahili zaidi ya unavyosoma lugha ya kigeni. Wanafunzi wengi hufanya kinyume. Kifaransa chao kinanyooka, Kiswahili kinabaki kile cha sebuleni, na mteja hakulipi kwa ulichokielewa, anakulipa kwa kitakachosomeka. Basi msome Shaaban Robert. Kaa mahakamani usikilize kesi zisizokuhusu. Nenda gereji ukaulize kila spea inaitwaje, hata mafundi wakuchoke. Kitabu cha Mwansoko, Kitangulizi cha Tafsiri, kikae karibu na mto wako. Ukiona zoezi la kurasa mbili limekushinda, kumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa na nchi nzima mabegani na bado alimfasiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Kazi zipo, tena nyingi hazionekani barabarani. Joaquim Chissano wa Msumbiji aliwahutubia wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004. Mwaka 2022 umoja huo ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Tanzania nayo ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na rundo la sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza likawa linasubiri watu. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Nairobi kuna ofisi za Umoja wa Mataifa. Marekani, mkimbizi kutoka Kongo anayeingia kwa daktari anahitaji mtu wa kusimama kati yao. Hapo usitanie kabisa. Sentensi moja ikipinda, mgonjwa anakunywa vidonge viwili badala ya kimoja.

Siku hizi mteja atakwambia kompyuta imeshafasiri, wewe "pitia tu." Omba uione kazi kabla ya kutaja bei. Mara nyingi kupitia huko ni kufasiri upya kwa nusu ya malipo, na anayekubali leo anawashushia bei wenzake wote kesho. Bei iandikwe, malipo ya awali yaingie, ndipo ufungue faili. Jirani akileta cheti chake cha ndoa kwa ajili ya viza, mfasirie bure. Akirudi na vyeti vya shemeji zake watatu, mpe ankara.