Jinsi ya Kuwa Baba Bila Kuharibu Mkwaju

Anza na kalenda. Miaka ya karibuni mashindano ya gofu ya Kenya Open huchezwa mwishoni mwa Februari au Machi. Hesabu miezi tisa kurudi nyuma uone unaangukia wapi: Mei na Juni, mvua inapoisha na baridi ya Nakuru inapoanza kuuma. Miezi hiyo, wewe mwanagofu wa kulipwa, hamia kwa mjomba wako Njoro. Najua Njoro kuna baridi zaidi. Ndiyo maana nakutuma huko.

Ukishindwa, na wengi hushindwa, usitafute pa kuombea ruhusa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili kwa mshahara kamili, lakini mwajiri wako wewe ni kampira keupe kasikosaini barua. Hilo neno "wa kulipwa" lenyewe ni heshima tu: ukikosa kupita mchujo baada ya mashimo 36, hupati hata nauli ya matatu. Karani wa kaunti atakaa nyumbani siku kumi na nne akimtazama mwanawe akipiga chafya. Wewe siku ya nne uko uwanjani chini ya Mlima Menengai, fimbo mkononi, ukijiuliza kama ulizima gesi.

Sasa waandishi wa habari. Kabla ya kuwaambia lolote kuhusu mtoto, tazama ubao wa alama, kwa sababu wao pia wanausubiri. Mke wa mwanagofu Mwingereza Danny Willett alitarajiwa kujifungua tarehe 10 Aprili 2016, siku ya mwisho ya mashindano ya Masters. Mtoto akawahi, akazaliwa mwishoni mwa Machi. Baba akapanda ndege kwenda Augusta na kurudi na koti la kijani la bingwa. Sifa kilizopewa kile kichanga ungedhani ndicho kilichopiga mpira. Wabashiri wa Uingereza wana nadharia kabisa kwamba nepi humtuliza mwanagofu mkono. Miaka miwili baadaye Willett alikuwa nje ya 400 bora duniani. Labda mtoto alikuwa ameanza kutumia choo.

Uzuri wa mtoto ni kwamba anatosha pande zote mbili. Umeshinda, amekupa utulivu. Umeshindwa, amekunyima usingizi. Tiger Woods alimaliza wa pili US Open ya 2007, binti yake akazaliwa kesho yake, na Agosti akashinda PGA. Hapo andika unachotaka, gazeti litakubali.

Ila ukitaka sifa za bure, fanya kama Hunter Mahan. Julai 2013 alikuwa akiongoza Canadian Open kwa mikwaju miwili, simu ikaingia kwamba mkewe ameshikwa na uchungu. Akafunga mfuko wa fimbo akaenda zake. Zawadi ya mshindi, zaidi ya dola milioni moja, akaichukua Brandt Snedeker, na Mahan akasifiwa kila kona. Alifanya vyema, sikatai. Lakini jirani yangu wa bodaboda alipopigiwa simu kama hiyo, alimshusha abiria katikati ya barabara akageuza pikipiki. Yeye hakuitwa shujaa. Aliitwa mwizi, kwa kuwa nauli alishaipokea.

Wewe lakini si Mahan. Habari yako itakuwa aya moja chini ya soka, na jina limekosewa. Waandishi unaopaswa kuwaogopa wako sebuleni kwako, wamekuja na njahi na maziwa kumwona mzazi, na mhariri wao mkuu ni mama mkwe.

"Baba mtoto, leo umepata ngapi?"

"Sabini na nane, mama."

"Sabini na nane! Hongera. Na huyo aliyeshinda?"

"Sitini na saba."

"Maskini. Alijaribu."

Usimsahihishe. Ndicho kikao cha pekee na waandishi utakachotoka ukiwa bingwa.

Mazoezi yatafanyika saa tisa usiku, kwa sababu ndio muda ambao utakuwa macho. Mtoto mkono wa kushoto, fimbo mkono wa kulia, mpira kwenye zulia, shabaha ni kikombe cha uji kilicholala ubavu chini ya meza. Zulia la nyumba za mtaa wa Section 58 limeinama kidogo kuelekea mlangoni, kwa hiyo lenga vidole viwili kulia kwa mguu wa kiti. Piga polepole. Mpira ukiingia utagonga kikombe kilie kama kengele, mtoto ataamka, mamake ataamka, na hakuna atakayekuuliza kama uliingia. Ukikosa, unaviringika kimya hadi chini ya kochi. Baada ya mwezi mmoja wa mazoezi haya utakuwa hodari wa kukosa.

Limebaki jina. Ukweni wakiwa Wakalenjin, jiandae. Mvulana wa mchana ni Kibet, wa jioni ni Kiplagat, na wa mvua ni Kiprop, siku ambayo huenda hata mchezo ulisimamishwa. Usije tu ukajitetea na Kipruto. Hilo ni la aliyezaliwa mama akiwa safarini. Baba aliyekuwa kwenye uwanja wa gofu wa Vipingo akitafuta mpira vichakani hahesabiki.