Wiki ya Kuazima

Jumatatu. Ukungu wa Magamba umeingia hadi darasani. Nimewafundisha Kidato cha Tatu kitenzi 'lend'. Kwetu kuazima ni kutoa na ni kupokea. Mwingereza katenganisha: mwenye kitu 'lend', mwenye shida 'borrow'. Wameitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Kijana wa nyuma kanyosha mkono: "Sir, borrow me your pen." Nimempa ile nyekundu. Haijarudi.

Jumanne. Nimetumia tamthilia ya Juliasi Kaizari, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kuchapwa mara ya kwanza 1963. Antony hawaombi Warumi wampe masikio. Shakespeare katumia 'lend', yaani hotuba ikiisha kila mtu anaondoka na yake. Hapo mvua ikapiga bati. Hapakuwa na sikio la kuazimwa. Nimefundisha kwa mikono hadi kengele.

Jumatano. Mabepari wa Venisi, tafsiri nyingine ya Nyerere, 1969. Humo kinachotolewa ni fedha, kwa hiyo Kiswahili kinataka 'kopesha': dukati 3,000, miezi 3, dhamana ratili moja ya nyama ya mdhamini. Nimeuliza kwa nini Mwalimu aliwaita wale wafanyabiashara mabepari. Binti mmoja kajibu kuwa Azimio la Arusha lilikuwa na miaka 2 tu. Mwenzake kauliza kama azimio linatokana na kuazima. Nimesema hapana, ni kuazimia. Kauliza tena kama na lenyewe lilitakiwa kurudishwa. Nimefuta ubao.

Alhamisi. Mvua. Mwavuli sikuuona. Daftari langu la nyumbani linasema: "Mwavuli, kuazima, mama jirani." Nimemkuta sokoni, amesimama chini yake, akichagua matunda damu.

"Shikamoo, mama. Naona ule mwavuli wangu uliouazima."

"Marahaba, Mwalimu. Ni wangu. Aliyeazima ni wewe. Jumapili nimepita kuuchukua, ukawa umelala."

Nimemsindikiza kwake, nusu bega ndani ya mwavuli. Kikapu nimebeba mimi.

Ijumaa. Madaftari ya kusahihisha yamejaa meza, kalamu nyekundu sina. Nimemwita kijana wa Jumatatu, nikamwambia kwa Kiingereza sanifu: "Lend me your pen." Kaitoa mfukoni, kaishika kidogo, kauliza nitairudisha lini.

Daftari lake nimelisahihisha la kwanza. Kafaulu.