Shangazi Ajibu: Mbwa Wangu Amekataa Sweta

*Shangazi, shikamoo. Nina mbwa mdogo wa kizungu, mwenye manyoya marefu, niliyeletewa kutoka Kampala. Nimemnunulia sweta, soksi nne na kofia. Kila nikimvisha anajificha uvunguni, anahema ulimi nje. Je, anaona aibu? – Mwenye Mbwa, Arua*

Marahaba, mwanangu. Aibu hana, ana joto. Januari hii sisi wenyewe tunagombania kivuli cha mwembe, nawe umemwongezea sweta mtu aliyezaliwa nalo! Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama wewe. Hutoka kidogo tu kwenye nyayo, joto jingine hulipunguza zaidi kwa kuhema. Nyayo umezifunga soksi, mwili umeufunga sufu, amebakiwa na ulimi. Mvue, mpe maji. Kiangazi kikizidi, mpunguze hata hayo manyoya. Kofia mpe mtoto wa shule.

*Shangazi, mimi ni fundi cherehani Koboko. Mteja kaniletea kitenge cha Kongo pamoja na mbwa wake, anataka gauni la sikukuu. Nimtoze bei ya gauni la mtoto? – Fundi Aliyeduwaa*

Ongeza, fundi wangu. Mtoto akipimwa hang'ati. Na mpatane mapema ni fedha gani, maana hapo Koboko mtu anaweza kukuhesabia shilingi, faranga au pauni za Sudan Kusini, ukabaki unatafuta wa kukubadilishia.

Pima shingo, kifua nyuma ya miguu ya mbele, na mgongo hadi mkia unapoanzia. Akiwa dume, kitambaa cha tumboni ukikate kifupi, la sivyo kabla ya mchana gauni litanuka mkojo na lawama itakuja kwako. Vifungo usitie kabisa: mbwa huvitafuna na kuvimeza. Makwapani acha nafasi, pakibana atachubuka.

Sasa rangi. Akitaka buluu, mkatalie. Watu wa West Nile tunavijua vile vitambaa vidogo vya buluu vyenye wavu mweusi pembeni, vilivyosimikwa kando ya mito Arua, Maracha, Koboko na Yumbe. Havikuwekwa pale kwa mapambo. Mbung'o wa mtoni huvutwa na buluu, akitua kwenye wavu anakutana na dawa, anakufa. Kazi hiyo, pamoja na upimaji na matibabu ya wagonjwa, ndiyo iliyotufikisha mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilipothibitisha kuwa malale aina ya gambiense, yanayoenezwa na mbung'o huyo, si tatizo tena la afya ya umma Uganda. Ukimvisha mbwa buluu bila dawa kisha akashuka mtoni, umewaandalia mbung'o karamu na kuwatandikia kitambaa cha meza. Mbwa naye huugua vimelea vinavyoenezwa na mbung'o. Mshonee njano.

*Shangazi, nilimpa jirani nguo za mwanangu zilizombana. Jumapili nimeiona fulana yake inapita barabarani, imevaliwa na mbwa! Nimwambie nini? – Nimedhalilika, Arua*

Usimwambie kitu. Fulana yenyewe uliinunua kwenye mivumba, yaani mitumba, sivyo? Mwaka 2023 Rais Museveni alitangaza kuipiga marufuku mitumba hiyo akisema ni nguo za wafu. Kama ilitoka kwa Mzungu marehemu ikaja kwa mwanao, kwenda kwa mbwa si safari ndefu. Mara nyingine ukitoa nguo, ziache ziende.

*Shangazi, mama mkwe ni Mnubi, mtu wa swala tano. Mbwa wangu akivaa kanzu safi, ataruhusiwa kuingia sebuleni? – Mkwe Mwenye Matumaini, Koboko*

Hataruhusiwa, na hiyo kanzu mvue kabla mama hajaiona. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nguo haizibi mdomo. Mjengee banda nje, mama mkwe mpikie chai.

Nanyi nyote mlioniandikia: mmeuliza sweta, gauni na kanzu, hakuna hata mmoja aliyeuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Mpitisheni mbwa kwa daktari wa mifugo kwanza, kwa fundi baadaye.