Nitajieni Kitabu Chembamba

Ukitaka kumjua rafiki anayependa kuonekana msomi, mwombe akutajie kitabu cha kuanzia elektroniki. Hatakuuliza unataka kujua nini. Hatakuuliza hesabu uliziacha kidato cha ngapi. Atatazama juu kidogo, atavuta pumzi, kisha atakutajia kitabu kinene kuliko vyote alivyowahi kuvisikia. Ukimbana umuulize sura ya tatu inahusu nini, atakumbuka ana kikao.

Haja yangu mimi ni ndogo. Nina sabufa nyumbani, na inavuma. Haikwaruzi wala haikatiki. Inavuma tu, mmmmm, chini ya kila wimbo, hata taarifa ya habari inasikika kana kwamba msomaji amesimama mlangoni mwa mashine ya kusaga. Fundi wa mtaani kwetu angeimaliza kabla chai haijapoa. Lakini mimi ni mtu mzima, nina miwani ya kusomea, nikasema safari hii sitoi hela mpaka nijue kwa nini. Ndivyo nilivyoangukia mikononi mwa washauri.

Wa kwanza ni mhandisi mmoja tunayekunywa naye kahawa. “Kaka, usihangaike, duniani kuna kimoja tu.” Akanitajia The Art of Electronics cha Paul Horowitz na Winfield Hill, kilichotoka 1980, kikatoka tena 1989, kikatoka tena 2015, na kila kikitoka kimenenepa. Toleo la 2015 lina kurasa zaidi ya 1,200. Kitabu cha kuanzia hicho! Cha kumalizia sijui kinabebwa na nini.

Tena si kitabu kibaya, na hapo ndipo kinaponiudhi zaidi. Ndani yake wamechora kibwana kidogo kilichokaa ndani ya transista. Kazi yake ni kukodolea macho mita ya mkondo wa beisi na kuzungusha kitasa ili mkondo wa kolekta uwe mkubwa mara mia hivi kuliko ule wa beisi. Kibwana yule amenifundisha transista kuliko walimu wangu wote wa fizikia, na hakunichapa. Lakini sura hiyohiyo ya kwanza inayoanza na volti na mkondo kwa upole, hujaimaliza umeshapitishwa kwenye kapasita, koili na dayodi, na unatakiwa uzijue namba changamano, zile tulizoambiwa hazitatusumbua tena maishani. Toleo la pili lina hata kurasa za mizunguko mibovu: imechorwa makusudi, haifanyi kazi, na msomaji atafute mwenyewe sababu. Jamani, mzunguko mbovu ninao nyumbani, tena wa kwangu una sauti.

Mpwa wangu yuko chuo kikuu, anasomea mambo hayohayo. Nikampigia. “Shikamoo mjomba. Hicho waachie wazee. Chukua Sedra na Smith.” Hao ni maprofesa wa Toronto, Kanada, na kitabu chao kimekuwa kikinyanyasa wanafunzi tangu 1982. Jumapili akaniletea nakala yake. Nikaweka miwani. Matoleo ya karibuni, sura ya kwanza ni ishara na amplifaya. Ya pili, opampu. Ya tatu, silikoni na fizikia yake. Dayodi, kitu chenye miguu miwili ambacho hata mtoto wa fundi anakijua, inangoja sura ya nne! Na kwa habari nilizokuwa nimeanza kuzipata, sabufa yangu ilikuwa inaumwa ugonjwa wa sura ya nne.

“Sasa ninyi mnakisomaje chote hiki?” nikamuuliza.

“Hatukisomi, mjomba. Tunasoma maswali ya mitihani iliyopita.”

Nilimheshimu kwa ukweli ule. Kitabu akaniachia, na nadhani alishukuru kwa kupunguza mzigo.

Nikaenda Posta, kwa wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara. Pale wanatawala Wahindi wa kampuni ya vitabu ya S. Chand, ambao wamesomesha mafundi wengi wa nchi hizi kuliko tunavyokubali kusema hadharani. Kuna V. K. Mehta, Principles of Electronics, kuna B. L. Theraja, juzuu nne za ufundi wa umeme. Katika Theraja, elektroniki imo juzuu ya nne. Muuzaji alikuwa na ya pili, ya mota na jenereta.

“Nataka ya nne, kijana wangu.”

“Mzee, umeme ni umeme.”

Mehta nilimchukua, na ninamtetea popote: mifano yake ina tarakimu, majibu yapo, na haoni haya kueleza jambo mara mbili. Lakini toleo nililolipata linaanza na elektroni zinazochomoka kwenye chuma kilichopashwa moto, likaja kwenye taa za gesi, ndipo likakumbuka kuna kitu kinaitwa atomu. Transista imegunduliwa Marekani Desemba 1947, lakini huwezi kuifikia mpaka umezika kila kilichoitangulia.

Na hiyo atomu! Sijui nani aliwaambia waandishi hawa kwamba mtu hawezi kuwasha taa mpaka ajue silikoni ina elektroni nne kwenye mzingo wa nje. Waandishi wenzao Boylestad na Nashelsky wanaanzia hukohuko, na hawako peke yao. Silikoni inashikana mikono na jirani zake, elektroni moja inaondoka, linabaki shimo, na shimo hilo, wanasema kwa uso mkavu kabisa, linatembea. Mimi nimeishi Dar es Salaam miaka yote hii na mashimo nayafahamu vizuri. Hayatembei. Yanakaa palepale yanakua.

Ukishamezeshwa shimo linalotembea, wanakupeleka kwenye ugomvi wa mkondo. Benjamin Franklin alikisia upande upi ni chanya na upi ni hasi karne ya 18, watu wakamfuata, wakajenga mitambo, wakaandika vitabu. 1897 J. J. Thomson akaigundua elektroni, ikaonekana elektroni zenyewe kwenye waya zinatoka hasi kwenda chanya. Kwa busara za watu wa kawaida, mngekaa mkaelewana. Wapi. Thomas Floyd ana kitabu kizuri cha dayodi na transista, kimechapwa kwa namna mbili: mwandishi yuleyule, michoro ileile, kimoja mishale inakwenda huku, kingine inakwenda kule. Muuzaji hatakwambia ameshika kipi. Nilimuuliza fundi wetu anafuata madhehebu gani. “Mzee, we chomeka. Ikiungua ujue ulikosea njia.”

Basi nikageukia vitabu vya kujifunza kwa vitendo. Charles Platt, Mwingereza aliyehamia Marekani, ana Make: Electronics ya 2009, na sikuwahi kuona kitabu kinachotaka kumfurahisha msomaji kiasi kile. Jaribio la kwanza: chukua betri ya volti 9, iguse kwa ulimi. Nikaigusa. Mama watoto akaingia jikoni wakati uleule, akatazama, akatoka bila kusema neno, na kwenye simu nikasikia anamwambia dada yake kwamba shemeji yake ameanza. Baadaye Platt anakuagiza uiunguze taa ndogo ya LED makusudi ili ujifunze. Ukiinunua kwa hela yako kuiunguza kunauma, lakini hutasahau tena kuweka rezista.

Kitabu kingine cha namna hiyo ni cha Forrest Mims, Getting Started in Electronics, cha 1983. Kiliandikwa kwa mkono, herufi na michoro, kama daftari la mwanafunzi safi wa darasani, na kilikuwa kikiuzwa kwenye maduka ya RadioShack. Ni chembamba! Kimoyomoyo nilikibusu. Maduka yenyewe yaliomba kinga ya kufilisika 2015, kwa hiyo usiniulize vifaa vyake utavipata wapi.

Nilivitafuta Kariakoo, na huko ndiko vitabu vya Wamarekani vinapomwacha mtu kwenye mataa. Kitabu kinataka transista 2N3904. Muuza duka anakupa BC547. “Ni hiyohiyo, mzee wangu, imebadilishwa jina tu.” Kwa kazi, hakudanganya sana. Kwa miguu, ni nyingine kabisa. Ile ya kitabuni, ukiigeuza ubavu wake bapa ukutazame, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni emita, beisi, kolekta. Hii ya Ulaya ni kolekta, beisi, emita. Siku nyingine zimeisha zote mbili anakupa C1815 ya Kijapani, na yenyewe ni emita, kolekta, beisi. Transista tatu, zote nyeusi, zote ndogo, zote “hiyohiyo”. Mwandishi aliyeko Marekani hana sababu ya kukuonya. Kwake kifaa alichokiandika ndicho kilichopo dukani. Mimi ningeandika kitabu, ukurasa wa kwanza kabisa ungekuwa wa miguu ya transista, atomu ningeipeleka mwisho karibu na shukrani.

Ndipo nikaanza kuchunguza tabia ya washauri wenyewe. Yule mhandisi wa kahawani nilimbana siku moja mbele ya watu. Wewe binafsi ulijifunzia wapi? Akazunguka, akataja chuo, akataja wazungu. Nikamwambia hapana, mara ya kwanza kabisa kuelewa. Akacheka. Kumbe alianza kwa daftari la mjomba wake, fundi redio wa Tanga, lililokuwa limelowa mafuta ya taa na halina jalada. Kile kitabu cha kurasa 1,200 alikinunua alipokwisha kuajiriwa. Hakuna anayekutajia kitabu alichojifunzia, maana kilichanika, ni cha bei ya chini, na mwandishi wake hajulikani. Anakutajia kile alichokiweka rafuni baada ya kujua. Tena hana nia mbaya. Amesahau tu alivyokuwa mjinga. Ujinga ukikutoka hauachi anwani.

Siku hizi nikishika kitabu cha elektroniki sisomi dibaji, maana dibaji zote zinasema hesabu hazihitajiki. Naenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa pawa saplai, pale umeme wa ukutani unapogeuzwa kuwa wa betri. Nautafuta uvumi wangu. Kama mwandishi anahesabu kwa mapigo 120 kwa sekunde, najua kaandikia Marekani, kwenye umeme wa hertzi 60, na ninapaswa kutafsiri kila tarakimu. Wetu ni volti 230, hertzi 50. Transfoma inaushusha, tuseme mpaka volti 12. Dayodi nne zinaukunja upande mmoja. Unatoka kwa mapigo 100 kila sekunde, na kati ya pigo na pigo kuna bonde. Kazi ya kapasita ni kulijaza bonde hilo. Kapasita ikikauka, bonde linabaki, na spika inakusomea mabonde 100 kwa sekunde. Huo ndio uvumi. Basi!

Hesabu yake ni ya mtoto wa shule ya msingi. Chukua mkondo, gawanya kwa mapigo, gawanya tena kwa ukubwa wa kapasita. Amplifaya ikivuta ampea 1 na kapasita ikiwa ya mikrofaradi 2,200, volti zinashuka karibu 4.5 kati ya pigo na pigo. Weka ya 4,700, zinashuka 2 na ushee. Kapasita iliyokauka imepoteza sehemu kubwa ya mikrofaradi zake, kwa hiyo fikiria mwenyewe bonde linavyokuwa. Yote hayo yanaenea kwenye nusu ukurasa, na mchoro wake juu. Nusu ukurasa! Na wamenipitisha kwenye elektroni nne, mashimo yanayotembea, Franklin, taa za gesi na namba changamano kabla ya kunionyesha.

Kwa kipimo hicho, Mehta kapita vizuri. Horowitz na Hill nao wamepita, ukivumilia mwendo wao. Sedra na Smith wanajua jibu, lakini wanalitoa kwa heshima kubwa mno, na mimi si mtu wa kuombwa ruhusa na dayodi.

Nikambebea fundi kile kitabu kikubwa cha mpwa wangu, ukurasa wa kapasita nimeukunja pembe, ili ajue safari hii ameletewa kazi na mtu anayejua. Akafungua sabufa, akatazama kwa jicho moja, akasema, “Kapasita imevimba.” Nikamwambia taratibu, soma kwanza. Akafuta mikono kwenye suruali, akakipima kitabu mkononi, akasema kizuri, nimwachie, atakisoma usiku akitulia.

Nilipopita kesho yake kibanda kilikuwa kimejaa harufu ya gundi. Juu ya meza kulikuwa na spika ya mteja, mpira wa pembeni umetoka kubandikwa, na juu ya spika wamekaa Sedra na Smith, wametulia, wamegandamiza.

“Shikamoo mzee. Kitabu chako hiki kizuri mno. Hakiyumbi.”

“Umekisoma?”

“Nitakisoma. Ila kina mwenzake? Maana spika zenyewe ni mbili.”

Nikamwambia kuna Theraja pale Posta, juzuu ya pili, ya mota na jenereta.

“Ina kilo ngapi?”