Jinsi ya Kuandikiana na Shetani Bila Kutoka Eldoret

Mtu akinunua gari la pili mtaani kwetu Langas, hupewa wiki mbili za heshima. Baada ya hapo watu huanza kuulizana. Akiongeza na ghorofa, kikao hufungwa na hukumu hutoka: ameuza roho. Hakuna anayeuliza iliuzwa bei gani, mnunuzi alipatikana wapi, wala mkataba umewekwa kwa nani. Mahali ambapo hata kuku hanunuliwi kabla ya kuinuliwa mabawa akapimwa uzito kwa mkono, huu ni uzembe wa biashara. Tena tumekuwa jiji tangu Agosti 2024. Jiji haliwezi kuendesha jambo zito kama hili kwa uvumi wa kibandani.

Kwa hiyo nimekaa chini, nikapitia mikataba mashuhuri ya karne nyingi, na huu hapa mwongozo. Mahitaji ni machache: roho moja (hata iliyotumika inakubalika), kalamu, wino au damu, na mtu wa kulaumiwa mambo yakiharibika. Hicho cha mwisho usikisahau nyumbani.

Hatua ya 1: Kosana na uongozi wa kanisa

Wengi hudhani safari hii huanzia baa. Wamekosea. Mkataba mmoja wa zamani sana unaosimuliwa na Wakristo ulianzia ofisini mwa kanisa, huko Adana, nchi inayoitwa leo Uturuki, katika karne ya 6. Theophilus alikuwa msimamizi wa mali ya kanisa. Hadithi yasema alichaguliwa kuwa askofu akakataa kwa unyenyekevu. Akasimikwa mwingine, na huyo mwingine akasikiliza fitina, akamvua kazi. Unyenyekevu uliishia hapo. Theophilus alikwenda usiku kwa Shetani, akamkana Kristo na Mama yake kwa maandishi, na kulipopambazuka akarudishiwa cheo.

Zingatia kwamba hakuomba dhahabu wala mashamba. Aliomba ofisi yake ya jana. Yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa jumuiya, akaondolewa kwenye uchaguzi ambao yeye mwenyewe alikuwa ameupikia chai, atamwelewa bila mahubiri. Basi kama huna wadhifa kanisani, gombea. Ukishindwa, umefuzu hatua ya kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta ofisi halisi, si wakala

Kwenye nguzo za stima utaona karatasi nyingi: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kukuza biashara, na mara nyingine kujiunga na Illuminati upate utajiri, nambari ya simu iko chini. Usiharakishe. Illuminati wenyewe walianzishwa na profesa wa sheria, Adam Weishaupt, huko Bavaria mwaka 1776. Kabla ya miaka kumi kwisha, mtawala wa huko alikuwa ameshawapiga marufuku. Chama kilichoshindwa kujilinda nyumbani kwake kitakujengea wewe nyumba Elgon View, mtaani kwa matajiri?

Jambo la pili ni la usalama wa pesa zako. Ukiambiwa utume ada ya usajili kwa simu, jua kwamba unayezungumza naye si Shetani. Katika hadithi zote nilizopitia, Shetani hajawahi kudai ada ya usajili. Yeye hutoa kwanza, hudai baadaye. Jiji letu lenyewe lapaswa kuielewa kanuni hiyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1912, watu wakiwa bado wanapaita hapa 64 kwa nambari ya shamba, sefu ya benki ya kwanza ilianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, ikawa nzito mno kuinuliwa, wakajenga benki kuizunguka pale pale ilipoangukia. Pesa ilitangulia, kuta zikafuata.

Hatua ya 3: Soma masharti hadi mwisho

Kitabu kuhusu Daktari Faust, kilichochapishwa Frankfurt mwaka 1587, kinampa mteja miaka 24 ya elimu, anasa na safari, kisha roho inachukuliwa. Miaka 24, bila hati ya mshahara, bila wadhamini watatu wa chama cha akiba na mikopo, na bila karani wa kukuambia urudi Alhamisi kwa sababu mfumo umezimika. Masharti haya ni ya kutisha, lakini angalau yanasomeka. Faust alijua siku ya mwisho ni lini.

Jihadhari tu na nakala nyingi. Mwaka 1677 mchoraji mmoja wa Bavaria, Christoph Haizmann, alifika kwenye kanisa la hija la Mariazell, Austria, akiungama kwamba miaka tisa nyuma alijitoa kwa Shetani kwa maandishi ya damu. Mapadri wakamwombea, karatasi ikarudi. Mwaka uliofuata akaja tena: samahani, baba, kulikuwa na mkataba mwingine, wa wino. Ukaombewa nao. Kilichonigusa katika kisa hiki ni alichoomba. Baba yake alikuwa amefariki, moyo umemwelemea, naye akaandika kwamba anakuwa mwana wa Shetani. Mwaka 1923 Sigmund Freud alikichambua kisa hicho akaona ndani yake mtu anayetafuta baba. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi jiulize: ni pesa unayotaka, au ni mtu wa kukwambia ulale, kesho kutakucha?

Hatua ya 4: Panga mapema namna ya kutolipa

Hapa ndipo habari njema ilipo. Sijaona mkandarasi aliyedhulumiwa kama Shetani. Kwenye bonde la Schöllenen, Uswisi, wanakijiji walishindwa kuvusha daraja juu ya mto Reuss. Shetani akalijenga, malipo yakiwa roho ya kwanza itakayovuka. Kazi ilipokwisha wakavusha mbuzi. Alikasirika akabeba jiwe kubwa alivunje daraja, lakini hata jiwe lilimshinda, akaliacha njiani. Jiwe lenyewe lipo hadi leo, ila katika miaka ya 1970 lilisogezwa mita 127 kupisha barabara kuu. Yaani alinyimwa malipo, na baadaye mzigo wake ukahamishwa bila yeye kuulizwa. Angekuwa Kenya, jina lake lingekuwa kwenye orodha ya wakandarasi wanaoidai serikali tangu awamu iliyopita.

Theophilus naye hakulipa. Alifunga, akalia, akaomba, na hadithi yasema Bikira Maria alimrudishia karatasi. Aliamka akaikuta kifuani. Akaungama mbele ya umati, hati ikachomwa moto. Kwa mtu aliyezoea kufuata hati ya shamba kutoka ofisi moja hadi nyingine, muujiza mkubwa hapo si toba. Ni hati kupatikana.

Hatua ya 5: Kama huna muda, utaandikiwa

Si lazima utie sahihi mwenyewe. Mwaka 1634, katika mji wa Loudun, Ufaransa, padri Urbain Grandier alishtakiwa kwa uchawi. Alikuwa na maadui wengi, mmoja wao akiwa Kardinali Richelieu. Mahakamani ukatolewa mkataba ulioandikwa Kilatini kinyumenyume, umetiwa sahihi na Shetani pamoja na mapepo wenzake kadhaa, kila mmoja na mwandiko wake. Grandier akachomwa akiwa hai. Hati hiyo wanaoshtaki ndio walioileta, na wanaoshtaki ndio waliokuwa na haja nayo.

Na sisi Kenya tulikuwa na hati yetu ya namna hiyo. Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya Shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti ilipotolewa hadharani mwaka 1999, ilikuwa na kafara za watu, miujiza ya kichawi, na madhehebu kama Mashahidi wa Yehova na Wamormoni yakitajwa kuwa milango ya kuingilia kwa Shetani. Bibi mwenye mwavuli anayekubishia hodi Jumamosi asubuhi na kukuachia jarida akawa amepandishwa cheo bila yeye kujua.

Hatua ya 6: Njia ya mkato ya wenyeji

Sasa nikupe siri ambayo Wazungu wa Faust hawakuijua. Wao walimpa Shetani roho, akawapa mali. Sisi tumegundua biashara bora: tunabaki na mali, tunabaki na roho, yeye tunampa lawama.

Niliwahi kukaa mahakamani nikimsubiri rafiki, akapandishwa kizimbani kijana aliyeiba magunia sita ya mahindi kwenye stoo ya mwajiri wake. Akakiri. Akaulizwa ana lipi la kujitetea.

"Mheshimiwa, ni shetani."

Hakimu akavua miwani. "Yeye alibeba magunia mangapi?"

Kijana akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hakubeba, Mheshimiwa. Alinishauri tu."

Tulicheka, lakini utetezi huo unatutosha sote. Mkimbiaji anayekutwa na dawa mwilini anasema ni daktari, daktari anasema ni meneja, na siku ya kutoa ushuhuda kanisani wote wanakubaliana kwamba ni adui. Mume aliyelala nje ni shetani. Mweka hazina wa chama cha kina mama aliyehamia Kitale na daftari ni shetani. Ndiye mdhamini pekee nchini asiyekataa kutia sahihi, na hakuna mkopo wa dhambi aliowahi kuombwa adhamini akauliza riba.

Hata taifa limemtumia hivyo. Angalia foleni ya tume. Kati ya 1991 na 1993 watu walichinjwa na kufukuzwa Bonde la Ufa, pamoja na hapa jirani, Burnt Forest. Kamati ya Bunge ikaandika ripoti mwaka 1992, Bunge likaikataa. Katika miaka hiyo hiyo hazina ya umma ilikuwa ikivuja mabilioni kupitia kashfa ya Goldenberg. Tume ya rais kuhusu mapigano hayo, ya Jaji Akiwumi, ilikuja 1998. Ya Goldenberg, ya Jaji Bosire, ilikuja 2003, chini ya rais mwingine. Ya Shetani ilikuwa imeshamaliza kazi mwaka 1995. Yeye hana wakili, hana kabila, hana kura. Alipelekwa mbele ya foleni.

Kisha ikaja Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kanisa la Kiambaa, hapa karibu na mjini, lilichomwa likiwa na kina mama na watoto waliokimbilia humo. Washtakiwa wanne waliachiliwa na Mahakama Kuu ya Nakuru mwaka 2009, na jaji akalaumu uchunguzi mbovu wa polisi. Tangu hapo nimesikia watu wazima, wenye akili zao na Biblia zao, wakisema kwa sauti ya chini kwamba mwaka ule shetani alipita Bonde la Ufa.

Alipita na nini? Kiberiti kina mwenyewe, na petroli hununuliwa. Wahenga walisema usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake. Sisi kaniki tumeishika mikononi, na dobi tunamtafuta hadi leo.

Onyo la mwisho

Mwongozo huu hautafanya kazi kwa mtu anayeweza kusema "ni mimi". Nimepekua mikataba yote, wa damu na wa wino, wa mbele na wa kinyumenyume, na sikuona hata mmoja uliosalia baada ya mwenyewe kusimama mbele ya watu akataja alichofanya. Kama una tabia hiyo, usijisumbue kutafuta kalamu.

Yule kijana wa mahindi naye alihukumiwa mchana ule ule. Hakimu alipomaliza kusoma, karani aliinama akajaza jalada: magunia 6, mtu 1.